Mzazi Anapochagua Gari, Tumsikilize Kwanza

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa katika semina ya familia jijini Mwanza. Tunaichapa karibu kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimepewa mada ambayo iliwachekesha baadhi yenu ilipotangazwa: namna ya kumsaidia mzazi mzee, tena mwenye masharti mengi, kuchagua gari. Ndugu mmoja aliniuliza pale mlangoni kama hilo nalo ni jambo la kuzungumza kwenye semina ya maendeleo. Nilimjibu kwamba ni jambo lenyewe hasa. Baada ya nyumba, familia nyingi hazinunui kitu chochote cha bei kubwa kuliko gari. Mstaafu anayelipwa mafao yake na PSSSF au NSSF hulipwa mkupuo mara moja tu katika maisha. Fedha hiyo ikiishia gereji, hakuna mkupuo mwingine unaokuja. Aidha, nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana miaka miwili kwa sababu ya gari la baba. Kwa hiyo tulizungumze.

1. Je, mzee anasumbua, au anajua anachokitaka?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii tunaipenda sana tunapotaka mtu aache maneno achukue kilichopo. Lakini nawauliza ninyi mliokulia Magu, Misungwi na Kwimba: ni mkulima gani wa kweli mliyemwona akinunua jembe bila kuligonga akasikiliza mlio wake? Na ni mzee gani wa Kisukuma aliyekwenda mnadani akanunua ng'ombe wa kwanza aliyeoneshwa? Atamfungua mdomo ahesabu meno ajue umri. Atamtembeza aone kama anachechemea. Atauliza ametoka zizi la nani. Akimaliza hayo yote anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu, na hakuna mtu anayemwita msumbufu. Wanasema mzee anajua ng'ombe.

Mzee huyo huyo akifika kwenye yadi ya magari, akafungua mlango na kuufunga mara tatu, akainama kuangalia uvunguni, sisi watoto tunaanza kutazama saa.

Niliwahi kumsindikiza mzee mmoja, jirani yetu wa Kisesa, kutafuta gari hapa mjini. Yalishapita magari matano, yote ameyakataa. La sita alilipenda. Muuzaji akaliwasha, likanguruma vizuri, bei ikakubalika. Mzee akasema, "Sawa kijana wangu, kesho saa 12:30 asubuhi nitakuwa hapa. Msiliwashe kabla sijafika." Watu walicheka. Kesho yake alifika kabla ya walinzi kubadilishana zamu, akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha kwamba injini ni ya baridi, ndipo akaomba liwashwe. Lilitoa moshi wa bluu ambao jana, injini ikiwa ya moto, haukuonekana. Moshi wa bluu maana yake injini inachoma oili. Mzee aliaga kwa adabu akaondoka. Hakusomea ufundi popote, ila alijua kwamba mnyama humtazama kabla hajachangamshwa.

2. Kila sharti lina sababu yake

Nashauri jambo la kwanza liwe daftari na kalamu. Keti na mzazi, andika masharti yake yote bila kubishana. Kisha kwa kila sharti uliza kwa upole, "Kwa nini, mama?" Kuuliza si ujinga. Mara nyingi utakuta chini ya sharti linaloonekana la ajabu kuna jambo ambalo mzazi anaona haya kulisema.

Mama anasema hataki gari "la chini kama sahani". Ukimwuliza zaidi, utagundua ni magoti. Kuingia kwenye gari la chini kama Vitz au Passo kunamlazimu ajiangushe, na kutoka kunahitaji mtu wa kumvuta. Lakini Prado nayo inamtaka apande kama anayepanda dala. Anachohitaji ni kiti kilicho karibu sawa na nyonga zake, ageuke tu na kuketi. Magari ya kimo cha kati kama RAV4 au X-Trail huwafaa wengi wa namna hiyo. Hilo hulijui kwa kutazama picha kwenye simu. Ni lazima mama mwenyewe aketi na kusimama, mara tatu au nne, akiwa amevaa kitenge na viatu vyake vya siku zote.

Baba anasema anataka gari la gia tu, magari ya otomatiki ni ya watoto. Huenda ameendesha Land Rover ya halmashauri kwa miaka 25 na anaogopa kuonekana hajui. Au huenda ana sababu nzuri kabisa: mwili wake umezoea pedali tatu, na dereva mzee anayebadilishiwa pedali anaweza kukanyaga mafuta akidhani ni breki. Kwa upande mwingine, kama mguu wa kushoto unamuuma, klachi ya foleni ya Mabatini itamtesa kila siku. Asilazimishwe. Atafutiwe uwanja mtupu na otomatiki ya kuazima, ajifunze taratibu wiki mbili bila watu kumtazama. Baada ya hapo aamue mwenyewe.

Mwingine anakataa rangi nyeusi. Tunadhani ni ushamba, kumbe gari jeusi likiegeshwa juani hupata joto zaidi kuliko jeupe, na yeye ana shinikizo la damu. Mwingine hataki gari lenye skrini kubwa kwenye dashibodi. Magari mengi yanayotoka Japani huja na skrini na redio za Kijapani ambazo hata sisi hatuzisomi. Kutaka vitufe anavyoviona na kuvifahamu ni haki yake.

Ukimaliza orodha, mwombe mzazi aigawe mara mbili: yale ambayo bila hayo hanunui, na yale ambayo angeyapenda tu. Mzee mwenye masharti 14 mara nyingi hubaki na manne au matano ya lazima. Hapo kazi imekuwa nyepesi, na ni yeye aliyeipunguza.

3. Gari litakwenda wapi?

Swali la pili ni kazi ya gari. Wazee wetu wa ukanda huu wa Ziwa hawana safari zinazofanana. Yupo ambaye safari zake ni ibadani, sokoni Kirumba na kliniki Bugando. Huyo hahitaji injini kubwa, ila anahitaji breki na handibreki ya kuaminika, kwa sababu mji wetu ni wa vilima na mawe. Anayekaa Bugarika au Isamilo anajua ninachosema.

Yupo mwenye shamba Sengerema. Zamani safari ya huko ilitawaliwa na foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 19, 2025, tunavuka kwa dakika chache. Matokeo yake wazee ambao shamba walikuwa wakilitembelea mara moja kwa mwezi sasa wanataka kwenda kila wiki. Hilo ni jema, lakini libadilishe hesabu ya mafuta na aina ya gari, maana baada ya lami kuna njia ya vumbi, na masika kuna tope.

Yupo wa Ukerewe, ambaye akizunguka kwa Bunda lazima apande kivuko pale Kisorya kwenda Rugezi. Gari la chini sana hukwaruza bampa kwenye ngazi ya kivuko. Apime hilo kabla.

4. Hesabu ifanyike mezani, siyo bandarini

Wengi huona bei ya gari la Japani kwenye simu, wakafurahi, kisha wakashtukia kodi Dar es Salaam. Tufanye mfano mmoja hapa pamoja. Tuseme gari dogo la abiria lina injini kati ya CC 1000 na 2000, na thamani yake mpaka bandarini, kwa makadirio ya TRA, ni shilingi milioni 10. Angalieni nimesema makadirio ya TRA. Mamlaka ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, hivyo ukinunua kwa bei ya kutupa haina maana kodi nayo itakuwa ya kutupa.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Tumefika milioni 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huo ni asilimia 5 ya hiyo, yaani shilingi 625,000. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote, shilingi 2,362,500. Gari la milioni 10 limekuwa karibu milioni 15.5, bila tozo ndogondogo, wakala wa bandari, na gharama ya kulileta Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100.

Sasa kama gari hilo lina umri wa zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe, linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Rudieni hesabu: milioni 3.75 zaidi, na VAT inapanda nayo. Jumla inakuwa karibu milioni 19.9. Lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15. Kwa mantiki hiyo gari la zamani linaloonekana rahisi laweza kukufikia kwa bei ileile ya gari jipya zaidi. Na kumbukeni ukubwa wa injini: isiyozidi CC 1000 haitozwi ule ushuru wa bidhaa wa injini, na inayozidi CC 2000 hutozwa asilimia 10. Viwango hivi huweza kubadilishwa na bajeti ya Juni, hivyo kabla ya kutuma hata shilingi moja, ingieni kwenye kikokotoo cha magari katika tovuti ya TRA, mzee akiwa ameketi pembeni. Mzee akiona tarakimu kwa macho yake, hana haja ya kushawishiwa.

Baada ya bei kuna matunzo. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, lakini bima ipo, matairi yapo, na oili ipo. Ushauri wangu ni kwamba asilimia kama 10 ya fedha iliyotengwa isiguswe wakati wa kununua. Ibaki kwa ajili ya mwaka wa kwanza, ambao ndio gari lililotumika huonesha magonjwa yake. Na muwaulize mafundi wa hapa Mwanza, siyo wa Dar es Salaam, ni vipuri vya gari gani vinapatikana madukani mwetu. Gari linalosubiri kipuri kije kwa basi siku nne halimfikishi mama kliniki.

5. Kukagua gari lililotumika nchini

Wengi watanunua gari ambalo tayari lina namba za Tanzania, na si vibaya, kodi zake zilishalipwa. Lakini mambo haya yafanyike bila haya:

(a) Jina lililo kwenye kadi ya gari liwe la muuzaji. Akisema kadi ni ya shemeji yake, shemeji aje.

(b) Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na namba ya injini zilingane na za kwenye kadi. Mzee ashike kadi, kijana asome kwenye gari.

(c) Deni la faini za barabarani liangaliwe kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari.

(d) Kila tairi lina tarakimu nne za tarehe. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nzuri na mpira umeshazeeka.

(e) Gari lijaribiwe asubuhi likiwa la baridi, kama alivyofanya yule mzee wa Kisesa. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi kipimo. Moshi mweupe usioisha huweza kuwa maji ya rejeta yanayoingia kwenye injini.

(f) Lipandishwe kilima, lisimamishwe katikati, livutwe handibreki.

(g) Fundi awe wa kwenu, alipwe na ninyi, na asiwe ametafutwa na dalali.

(h) Mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria, malipo yapitie benki, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA mara moja. Gari linalotembea kwa jina la mtu mwingine ni kesi inayosubiri siku yake.

6. Sisi watoto na nafasi yetu

Siku hizi familia nyingi zina kundi la WhatsApp, na ununuzi wa gari la mzazi hujadiliwa humo. Mtoto wa Dar es Salaam anaweka picha, wa Arusha anaponda, aliye Ulaya anasema atatuma fedha iwapo tu litanunuliwa lile analolitaka yeye. Wiki tatu zinapita, na mzazi mwenyewe hayumo kwenye kundi.

Ndugu zangu, tumepewa amri ya kuwaheshimu baba na mama, na sidhani kama heshima hiyo inaisha mzazi anapofikisha miaka 70. Kuchangia fedha hakumfanyi mtoto kuwa mwenye gari. Kama mnachangia, kubalianeni kiasi, mkabidhi, kisha mwacheni mzazi achague ndani ya kiasi hicho. Kadi iandikwe jina lake. Na zawadi ya kushtukiza, yaani gari kuletwa usiku likiwa na utepe, naomba mfikirie mara mbili. Nafahamu nyumba moja ambako gari la namna hiyo limefunikwa turubai chini ya mwembe, kuku wanataga humo. Mama anashukuru kila anapopigiwa simu, na anaendelea kupanda daladala, kwa sababu kiti chake hakimwezi na hakuna aliyemwuliza.

Pia chagueni mtoto mmoja wa kumsindikiza, mwenye subira. Wakienda watano, muuzaji ataongea na watoto na mzee atakuwa mzigo. Akienda mmoja, anaweza kumwambia muuzaji, "Mnunuzi ni baba, mwelekeze yeye." Sentensi hiyo moja inabadilisha hewa yote ya yadi.

7. Swali gumu kuliko yote

Nimeacha jambo zito mwishoni. Je, mzazi bado anaweza kuendesha? Hapa kuheshimu hakuna maana ya kunyamaza. Barabara ya Igoma asubuhi imejaa watoto wa shule, bodaboda na wauza ndizi. Mzee asiyeona vizuri pembeni anaweza kuchukua uhai wa mtoto wa mwenzake, na yeye mwenyewe hatasahau mpaka kaburini.

Kwa hiyo kabla ya gari, macho. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, na wengi huona tena vizuri. Presha ya macho ni hatari zaidi kwa sababu hula uwezo wa kuona pembeni polepole bila maumivu, na kilichopotea hakirudi, ila ikigunduliwa mapema huweza kuzuiwa isiendelee. Mpelekeni akapimwe, Bugando au Sekou Toure, na pamoja na macho mwulizeni daktari kuhusu dawa anazotumia, maana nyingine huleta usingizi. Daktari ndiye aseme. Neno la "baba usiendeshe tena" likitoka kwa mtoto huwa ni kumvua ubaba. Likitoka kwa daktari linabaki kuwa tiba.

Na iwapo jibu ni hapana, mazungumzo ya gari hayajaisha. Mzee anayeendeshwa bado anaweza kuwa na gari lake, na hapo vigezo vinabadilika: mlango mpana wa nyuma, mahali pa kuweka fimbo au kiti cha magurudumu. Gari kama Noah, lenye mlango wa kusukuma pembeni, huwa rahisi kwake kuliko gari dogo. Awepo mjukuu mwenye leseni, au dereva anayelipwa vizuri. Au familia ikae chini ilinganishe, huenda ikaona kwamba bajaji ya kijana mmoja mwaminifu wa mtaani, anayelipwa kwa mwezi na kupigiwa simu, inatosha kabisa, na mafao yakabaki kujenga vyumba viwili vya kupangisha. Lakini hesabu hiyo nayo ifanywe na mzee mwenyewe akiwepo.

Hitimisho

Kazi niliyowapa leo ni ndogo. Mkirudi nyumbani, kabla ya kufungua picha yoyote ya gari, kaeni na mzazi na lile daftari. Andikeni masharti, ulizeni sababu, wekeni siku ya kupima macho. Mengine yatafuata kwa utaratibu wake. Na yule mzee wa Kisesa, kama mnataka kujua, alipata gari kwenye jaribio la tisa. Analiosha mwenyewe kila Jumamosi, na hataki mtu mwingine aguse ndoo.

Sasa nakaribisha maswali, na tuanze na wazee.